Eneo hili ni la nani? Jinsi ya kuuliza daftari kabla ya kutoa fedha, Kilosa na Mikumi

Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, kiwanja kikitangazwa asubuhi, jioni tayari kina wateja. Malori hulala hapa, magari ya watalii hupita hapa, na njia ya Kidatu na Ifakara huchepukia hapa. Dalali akikupeleka kuona eneo atakuonyesha vitu vitatu: eneo lenyewe, mtu anayesema ni lake, na karatasi yenye muhuri. Wanunuzi wengi huishia hapo na kutoa fedha.

Upande wa Kilosa, kando ya reli, swali huja kwa sura nyingine. Kuna shamba kubwa la zamani la mkonge lililogeuka pori, na wanakijiji wamelima mahindi na ufuta pembezoni mwake kwa miaka. Mmoja atakuambia ni la kampuni ya Dar es Salaam, mwingine atasema ni la tajiri aliyekwisha kufa, wa tatu ataapa kwamba lilishafutwa na Rais. Siku trekta linapoingia ndipo watu wanaanza kulitafuta jina.

Jina hilo linaweza kutafutwa kabla trekta halijafika na kabla fedha hazijatoka. Katika makala haya tunaeleza linatafutwa wapi, nani anapaswa kukuonyesha, na kila daftari linaishia wapi. Tuseme mapema jambo moja: karatasi aliyonayo muuzaji ni nakala tu. Kumbukumbu yenyewe iko ofisini, na kwa sehemu kubwa huhitaji ruhusa ya muuzaji ili kuiulizia.

Kwanza, ni ardhi ya aina gani?

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachokiita umiliki ni haki ya kukaa na kutumia ardhi kwa masharti. Sheria mbili tunazotumia leo, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote ni za mwaka 1999 na zilianza kutumika Mei 1, 2001. Zinaigawa ardhi katika mafungu matatu: ardhi ya vijiji, ardhi ya hifadhi, na ile inayobaki, ambayo kisheria huitwa ardhi ya jumla. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye viwanja vya mijini na mashamba makubwa ya hati.

Kwa nini tuanze na mgawanyo huu wa kisheria, ambao kwa kawaida huwachosha watu? Kwa sababu kila fungu lina daftari lake na mtunzaji wake. Ukienda kwa Msajili wa Hati kuulizia shamba la kijijini lisilopimwa, utaambiwa halimo, na neno "halimo" halina maana kwamba halina mwenyewe. Vivyo hivyo, mwenyekiti wa kijiji akikuthibitishia kwa maandishi mwenye shamba la mkonge lenye hati ya miaka 99, uthibitisho wake hauna uzito wa kisheria, hata kama alizaliwa hapo na anaujua kila mwembe.

Wilaya ya Kilosa ina mafungu yote matatu, na wakati mwingine yanatenganishwa na mfereji tu. Kilosa mjini, Kimamba na Mikumi kuna viwanja vilivyopimwa. Ukielekea Rudewa na Msowero utakuta mashamba makubwa ya hati yaliyozungukwa na vijiji. Mikumi inapakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza dalali lisiwe bei. Muulize hivi: eneo hili limepimwa? Kama limepimwa, lina namba gani?

Kiwanja chenye namba

Kiwanja kilichopimwa hutambulika kwa namba ya kiwanja, kitalu na mahali. Mtu anayesema kiwanja chake kimepimwa lakini hana namba hata moja ya kukupa, ama anaficha kitu ama hajui anachouza.

Ukiwa na namba, kituo cha kwanza ni idara ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Hapo kila kiwanja kilichogawiwa hufunguliwa jalada. Muulize afisa ardhi mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyasahau: mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji. Mchoro unaonyesha eneo lilipangwa kuwa nini. Ramani ya upimaji inaonyesha mipaka na bikoni, yale mawe ya mipaka yenye namba. Linganisha namba za bikoni kwenye ramani na zile zilizo ardhini. Kuna watu wamelipia kiwanja halali chenye hati halali, kisha wakajenga kwenye kiwanja cha jirani. Na kuna walionunua mahali ambapo mchoro unasema wazi kwamba ni uwanja wa shule au eneo la wazi. Hapo hakuna hati itakayotoka, hata muuzaji akiwa mtu mwema kiasi gani.

Halmashauri pia ndiko utakakojua kama muuzaji ana hati miliki au ana barua ya toleo tu. Barua ya toleo inaonyesha kwamba mtu aligawiwa kiwanja kwa masharti fulani, ikiwa ni pamoja na kulipa ada. Bado si hati. Kama mchakato uliishia kwenye barua, kiwanja hicho hakina ukurasa katika daftari la Msajili, na jalada la halmashauri ndiyo kumbukumbu yako kuu. Ulizia kama jalada hilo lina barua nyingine yenye jina tofauti. Kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili ni jambo linalojulikana nchi nzima, na dalili zake huonekana kwenye jalada kabla hazijaonekana mahakamani.

Kama hati ipo, hatua inayofuata ni upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020 wizara imefungua ofisi za ardhi katika mikoa yote ya Tanzania Bara, kwa hiyo mkazi wa Kilosa au Mikumi humaliza shughuli hii Morogoro mjini. Sheria ya Usajili wa Ardhi imeliweka daftari hilo wazi kwa yeyote anayelipa ada. Unaandika maombi ukitaja namba ya hati, au kiwanja, kitalu na mahali, unaonyesha kitambulisho, unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki, kisha unasubiri taarifa ya upekuzi. Ada hulipwa kwa namba ya malipo na risiti hutoka kwenye mfumo. Anayekuambia umpe mkononi ili "akusaidie kupekua" anaweza kukuletea karatasi yoyote ile.

Taarifa ya upekuzi ikitoka, wengi husoma jina la mmiliki na kuikunja. Sisi tungeanza kuisoma chini. Huko ndiko huandikwa rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai ana maslahi katika eneo hilo, au amri ya mahakama. Jina linaweza kuwa sahihi kabisa na eneo likawa limefungwa na deni. Kisha panda juu: haki ilianza lini, na ni ya miaka mingapi? Hati hutolewa kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo kabla ya kukubali bei. Angalia na matumizi: hati ya makazi haikupi ruhusa ya kujenga nyumba ya kulala wageni, biashara ambayo Mikumi kila mtu anaiwaza.

Taarifa hiyo ni ya siku ile iliyotolewa. Kama ulipekua Januari na unalipa Aprili, pekua tena.

Uzito wa daftari hili si mdogo. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba watu wawili wakigombea eneo lililosajiliwa, mwenye hati ndiye anayechukuliwa kuwa mmiliki mpaka ithibitishwe kwamba aliipata isivyo halali. Wizara sasa inahamishia kumbukumbu kwenye mfumo wa kidijitali wa e-Ardhi, kama Kenya ilivyofanya na Ardhisasa iliyozinduliwa Aprili 2021. Ni hatua njema, ila kompyuta huonyesha kilichoingizwa tu. Kwa viwanja vya zamani, omba jalada la karatasi nalo liangaliwe.

Kijijini, daftari liko kwa mtendaji

Sehemu kubwa ya wilaya ni ardhi ya vijiji, na huko mambo ni tofauti. Msimamizi wa ardhi ni halmashauri ya kijiji, inayowajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka kila kijiji kiwe na daftari la ardhi, na mtunzaji wake ni mtendaji wa kijiji. Mwenye haki anaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, na kumbukumbu yake huwa kijijini na wilayani pia. Ndiyo maana hati ya kimila unayoonyeshwa inaweza kulinganishwa mara mbili: kwenye masjala ya kijiji na kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya.

Kuna vijiji vyenye masjala safi, hasa vile vilivyopitiwa na miradi ya kupanga matumizi bora ya ardhi. Kuna vingine ambavyo daftari ni kauntabuku moja iliyofungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Mazungumzo ya ofisini yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mwenyekiti. Tumekuja kuomba kuliona daftari la ardhi, kuna shamba tunataka kulijua mwenyewe."

"Marahaba, wanangu. Shamba lile ni la mzee wetu, mimi nalijua tangu utoto. Daftari la nini tena?"

"Hatukatai, mzee. Ila tungependa kuona lilivyoandikwa, na muhtasari wa kikao kama liliwahi kuuzwa."

"Basi njooni Jumatatu, mtendaji kaenda Kilosa."

Rudi hiyo Jumatatu. Neno la kushikilia ni muhtasari. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa muhuri wa mwenyekiti peke yake. Inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na idhini hiyo hutolewa katika kikao chenye tarehe, mahudhurio na muhtasari ulioandikwa. Mahakama ya Rufani imewahi kuyakataa mauziano ya ardhi ya kijiji kwa sababu idhini hiyo haikuwepo, ingawa fedha zilishalipwa. Kwa mnunuzi kutoka nje ya kijiji jambo hili ni zito zaidi, maana huyo anaingia kama mgeni, na kikao kina haki ya kumkataa.

Eneo likiwa kubwa na linatakiwa kumegwa kutoka ardhi ya kijiji ili apewe mwekezaji, kuna kiwango cha kukumbuka: hekta 250. Kwa eneo lisilozidi hapo, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupokea maoni ya kijiji. Anayedai kwamba "kijiji kilimpa" mwekezaji ekari elfu kadhaa aombwe muhtasari wa mkutano mkuu na tangazo la uhamishaji. Kama havipo, kuna maswali ya kuuliza.

Kuna jambo la kwetu ambalo daftari la kijiji mara nyingi halilisemi. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, wenyeji wa milima na mabonde ya Kilosa, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Shamba la ukoo halikuwa la baba kumwachia mwanawe. Lilishikwa na ukoo, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu yake. Mila zimebadilika sana, lakini bado unaweza kununua kutoka kwa kijana mwenye jina kwenye karatasi, kisha wapwa wakatokea na madai ambayo baraza litalazimika kuyasikiliza. Kwa hiyo, ukiwa Kisanga au Vidunda, baada ya kuona daftari waulize wazee: shamba hili ni la nyumba ya nani, na je, wa upande wa mama wanajua kwamba linauzwa? Waulize pia majirani wa pande zote nne. Wao ndio watakaokuambia kwamba mpaka ulikuwa kwenye mkuyu ule, si huu.

Mipaka ya vijiji vyenyewe nayo ina historia yenye machungu hapa. Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mgogoro wa kijiji cha wafugaji cha Mabwegere na majirani zake, kiini chake kikiwa nani ana haki juu ya ardhi ipi, ulifika hadi Mahakama ya Rufani. Kabla ya kuuliza shamba ni la nani, hakikisha liko ndani ya kijiji gani. Ombeni kuona cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake. Ofisi mbili za kijiji zikidai eneo moja, msinunue kutoka kwa yeyote mpaka wilaya iseme mpaka uko wapi.

Shamba la mkonge lililogeuka pori

Hili ndilo swali gumu kuliko yote Kilosa, na jibu lake limefukiwa chini ya tabaka kadhaa za karatasi. Mashamba mengi ya mkonge kando ya Reli ya Kati yalianza enzi za Wajerumani na Waingereza, baadhi yakiwa ya umiliki wa moja kwa moja usio na kikomo. Mwaka 1963 serikali huru iliugeuza umiliki huo kuwa upangaji wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kama tunavyoijua leo. Kwa hesabu hiyo, shamba ambalo muda wake ulianza 1963 na haujafutwa linaweza kuwa na miaka inayoendelea hadi 2062. Babu aliona mzungu akiondoka, lakini karatasi haikuondoka naye.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba yakafa, na baadaye serikali ikaanza kuyauza kwa watu binafsi na kampuni. Wengine walilima. Wengine waliweka hati rehani benki na kuliacha pori likue. Ndiyo maana kwa shamba la namna hii taarifa ya upekuzi ni ya lazima, na sehemu ya rehani inaweza kukueleza mengi kuliko jina.

Shamba nalo lina namba yake. Idara ya ardhi ya wilaya inaijua, maana ndiyo inayodai kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Chukua namba hiyo, nenda Morogoro, fanya upekuzi kama tulivyoeleza kwa kiwanja. Ukikuta jina la kampuni, safari bado. Jina la kampuni halikuambii ni nani. Nenda kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ambao mfumo wao uko mtandaoni: kwa ada, unapata taarifa yenye wakurugenzi, wanahisa na anwani. Mwanahisa naye anaweza kuwa kampuni nyingine, wakati mwingine ya nje. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, kampuni zinatakiwa pia kumweleza msajili mtu halisi anayenufaika mwishoni. Ukikuta wageni, kumbuka kwamba asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kupitia taasisi ya serikali inayosimamia uwekezaji, na huko nako kuna kumbukumbu. Ukikuta bodi ya wadhamini, ya kanisa, msikiti au taasisi, wadhamini wamesajiliwa RITA.

Sasa lile neno "lilishafutwa". Ni kweli kwamba Rais amefuta hati za mashamba kadhaa yasiyoendelezwa Kilosa, na ni kweli kwamba mengine yametajwa tu kwenye mikutano ya hadhara. Tofauti iko kwenye daftari. Kufuta hati kuna hatua: mwenye shamba hupewa notisi ya siku 90 kwa kukiuka masharti, mapendekezo hupanda kutoka wilayani kwa Kamishna hadi kwa Waziri, Rais huridhia, na ufutaji huandikishwa kwa Msajili. Upekuzi ukionyesha mmiliki yuleyule wa zamani, hotuba haijawa hati. Na hata lililofutwa haligeuki kuwa la aliyelima kwanza. Linarudi serikalini, kisha kunakuwa na mpango wa kuligawa. Mkulima anayetaka kuwemo kwenye mpango huo awe na jina kwenye orodha ya kijiji, na orodha hiyo aione kwa macho yake.

Tunasikia mara nyingi kwamba ukikaa miaka 12 shamba ni lako. Sheria ya ukomo inasema madai ya kurudisha ardhi yafunguliwe ndani ya miaka 12, lakini mahakama zimeweka masharti mengi kwa anayedai kwa njia hiyo, na aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe, hata ruhusa ya mdomo, hawezi kuitumia. Dhidi ya serikali ndiyo kabisa, muda ni miaka 60. Usijenge nyumba ya tofali za kuchoma juu ya msemo huu.

Kilosa mjini kuna fungu dogo la namna yake: nyumba za zamani za maduka. Usishangae ukikuta mwenye nyumba kwenye daftari ni Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia kwa shirika hilo mwaka 1990. Mpangaji wa miaka 40 huonekana mtaani kama mwenye nyumba. Anaweza kuuza biashara yake, si jengo.

Mahali ambapo hakuna wa kukuuzia

Maeneo mengine hayana muuzaji halali hata mmoja, na hapa Mikumi yamejaa kuliko kwingine. Hifadhi ya barabara kuu, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Chukua futi kamba upime mwenyewe, ni kazi ya dakika tano. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 nje ya mji, na tawi la Kilosa hadi Kidatu limo, hata pale ambapo treni hujaiona siku nyingi. Kandokando ya mito, Mkondoa ikiwemo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Waliokumbwa na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hawahitaji kuelezwa sababu.

Mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na wa misitu ya hifadhi kama Ukwiva uko kwenye matangazo ya serikali na ramani zake, si kwenye kumbukumbu ya mwenyekiti. Kwa vijiji vinavyogusa hifadhi, ofisi ya ardhi ya wilaya na TANAPA ndio wa kuulizwa, kwa barua, na jibu liwe kwa barua.

Jina lililopo na mtu aliyepo

Mara nyingi upekuzi utakuletea jina la marehemu. Muuzaji ni mtoto wake, mpole, na kila jirani anamfahamu. Bado hana cha kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo msimamizi naye anauza kwa niaba ya warithi wote. Omba barua ya usimamizi, kisha nenda kwenye mahakama iliyoandikwa humo uulize kama kesi hiyo ipo. Kwa nyumba ya ndoa, tafuta ridhaa ya mwenza kwa maandishi, hata kama jina lake halimo popote kwenye hati.

Risiti ya LUKU si ushahidi wa umiliki. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme ndiye anayeonekana kulipa. Ankara ya maji nayo ni vivyo hivyo.

Ofisi ikikugomea bila sababu, usiondoke na jibu la mdomo. Andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Sheria hiyo ina mipaka yake na si kila karatasi itatoka, ila kukataliwa kwa maandishi kunakupa pa kuanzia unapokwenda ngazi ya juu.

Ukigundua kwamba eneo lako limo kwenye daftari kwa jina la mwingine, peleka kwa Msajili maombi ya zuio siku hiyohiyo unayoweza, ili lisiuzwe wala kuwekwa rehani kimyakimya wakati mnabishana. Shauri lenyewe hupitia kwanza baraza la kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena, linasuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa uthibitisho kwamba mlipita kwenye kata, pamoja na taarifa ya upekuzi, kwa hiyo beba nakala mbili za kila kimoja.